Uliza Fundi: Nakshi zimerudi mjini, lakini nani anazichora?

Habari zenu wasomaji. Mwezi huu inboksi imejaa nakshi, sijui ni nini kimewaingia watu wa Nairobi, huyu anataka mlango wa Lamu Ruai, yule anataka bloki za maua kwa baraza, mwingine amepata vigae vya zamani Ngara na anaogopa kuving'oa. Na karibu kila mtu anaulizia mashine: CNC (ile ya kuchonga na kukata ikiongozwa na komputa), lesa, printa ya 3D. Swali la kwanza na la pili nimejibu kwa urefu juu wengi mmeuliza kitu kama hicho, hizo zingine nitapita mbio.

SWALI: Hujambo fundi. Mimi na mzee tunajenga Ruai, tumefika kwa linto. Tangu zamani nilitaka mlango wa mbele uwe wa nakshi kama wa Lamu. Fundi mmoja Gikomba anayechonga kwa mkono alinitajia bei nikanyamaza kimya. Sasa kuna kijana ana mashine Industrial Area, anasema atanichongea huo mlango kwa siku mbili na pesa kidogo sana, kazi yangu ni kuchagua picha kwa simu yake. Niende na yeye? Na huo utakuwa mlango wa Lamu kweli? – Mama Watatu, Ruai

JIBU: Mama Watatu, pole na ujenzi. Mashine nenda nayo, ni sawa kabisa, ila picha usichague kwa simu yake.

Hebu angalia mlango wa Lamu ama wa Unguja polepole, ata kama ni kwa picha. Nakshi nyingi haiko kwa mbao zinazofunguka, iko kwa fremu: miimo ya pembeni, ule ubao mpana wa juu, na mfaa, yaani ule mti wa katikati unaoziba pale mbao mbili zinakutana. Mbao zenyewe mara nyingi ziko karibu tupu, Unguja wanazipiga misumari mikubwa ya shaba basi. Alafu sasa nenda Ngong Road uone kile wanauza kama mlango wa Kiswahili: fremu ni saiprasi tupu haina kitu, na mlango ndio umejaa maua kutoka juu hadi chini hadi hakuna mahali jicho linapumzika. Wamegeuza kazi yote. Mimi naona wazee walikuwa na akili zao, mlango unagongwa, unasukumwa na watoto, unashikwa na mikono ya mafuta, fremu imesimama zake tu kwa ukuta na nakshi yake inakaa.

Kwa hivyo ukimwambia huyo kijana akuchongee fremu na mfaa peke yake, na mlango uwe mbao safi ya kawaida, umepunguza kazi ya mashine na umekaribia Lamu zaidi ya hao wote wa Ngong Road.

Shida ya pili ni mchoro. Zile faili za kwa simu zimedaunlodiwa, zilichorwa na mtu hajawahi kuona mlango wako na hajui urefu wake. Fremu yako ikiwa ndefu kuliko faili, kijana anaivuta tu kwa komputa mpaka itoshe, na kila duara linarefuka linakuwa yai. Ukifika kona, maua yanakatwa nusu, hayageuki. Angalia kona kabla ya kitu kingine chochote, hapo ndipo unajua kama kuna mtu alifikiria. Lamu kulikuwa na Muhamadi Kijuma, aliyefariki 1945, mshairi, mwandishi wa hati, na pia mchongaji wa milango. Mtu kama huyo akianzisha mnyororo wa maua chini ya mwimo tayari anajua utaishia wapi juu na utapinda aje.

Sasa rudi kwa yule fundi wa Gikomba aliyekunyamazisha. Usimwambie akuchongee mlango, mwambie akuchoree. Achore kwa karatasi saizi kamili, kona moja, kipande cha mwimo kinachorudiwa, na katikati ya ubao wa juu. Mlipe kwa mchoro, hiyo ni kazi. Ule mchoro unapigwa picha ukiwa umelala flati na rula kando yake, unafuatiliwa kwa programu ya kuchora, ndio unaenda kwa mashine.

Na ukienda huko uliza swali moja litakalomfanya kijana akuheshimu: mistari imeachana kiasi gani? Hio mashine inachonga na biti, yaani kile kisu kinachozunguka, ya ncha ya mviringo inayopita juu ya mbao mstari baada ya mstari. Tuseme kipande ni milimita 600 kwa 400 na mistari imeachana nusu milimita. Hiyo ni mistari 800, kila mmoja milimita 600, jumla mita 480. Ikitembea mita 3 kwa dakika ni dakika 160, na hicho ni kipande kimoja kidogo. Mistari ikiachana milimita moja, muda unakatika nusu, lakini mbao inabaki na matuta madogo kama shamba limepitishwa plau. Watu wengi wanalipia muda wote huo ili mashine ilainishe. Wewe mwambie aache matuta, alafu mpe yule fundi wako apite na patasi na msasa. Patasi itaondoa matuta haraka, na itafanya kitu ambacho biti ya mviringo haiwezi, ile kona ya ndani iliyo kali. Biti ikiwa na upana wa milimita 6 kona yake ya ndani itakuwa ya mviringo, hakuna namna, ni jiometri. Ukitaka kujua kama nakshi imeguswa na mkono wa mtu, pitisha ukucha kwa kona za ndani.

Mbao pia. Ukipata mvule sawa, lakini waambie mapema, juu mvule huwa na vijiwe ndani, ni chokaa ngumu inajikusanya kwa mti, na biti ikigonga kimoja ncha inakatika. Na mbao iwe imekauka kweli, karibu asilimia 12 ya unyevu. Ile inanunuliwa asubuhi Gikomba ikiwa bado inatoa maji itapasuka juu ya nakshi yako kabla ya Krismasi.

Kitu kingine, haujauliza lakini nitasema. Kuna watu watakuambia wanaweza kukutolea mlango wa zamani kabisa kutoka pwani. Kaa mbali na hao. Sheria ya makavazi na turathi ya 2006 inahesabu mlango ama fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika ama wa mashariki kabla ya 1946 kuwa kitu kinacholindwa. Hutaki hio kesi kwa nyumba mpya.

SWALI: Salamu bosi. Mimi ni mchongaji, nilifunzwa na mjomba wangu kule Wamunyu, Ukambani, saa hizi niko Gikomba, vitanda, viti, milango. Wateja wananiletea picha za CNC wanataka niwape bei hiyo hiyo. Nimefikiria nichukue loni ya sacco ninunue mashine. Unaonaje? Na sema ukweli, hii kitu si itatumaliza? – Fundi wa Patasi

JIBU: Fundi wangu, hio loni ingoje kwanza.

Si kwamba mashine ni mbaya. Ukinunua leo utakuwa mtu wa mia ngapi sijui mwenye mashine na faili zile zile, mtashindana kwa bei peke yake, na kwa hiyo vita anayeshinda ni mwenye mashine kubwa. Pili ni mahali. Gikomba tunajua moto, kila mwaka tunasikia, sasa wewe ukaweke deni la sacco ndani ya kibanda cha mabati na mbao kavu kando na vumbi la msumeno, usiku utalala aje? Tatu ni stima. Zile mota ndogo za kilowati 2.2 zinatembea na fezi moja ya kawaida, hilo si tatizo, tatizo ni stima ikipotea katikati ya kazi ya saa nne, mashine inasahau iko wapi, na ukiwasha bila kuirudisha kwa sifuri yake inachimba pale haifai na mbao imeharibika.

Nunua masaa kwanza. Chuo Kikuu cha Nairobi kuna FabLab, na kuna Gearbox, hizo ni karakana za watu kujifunza na kutumia mashine. Wazo la hizi fablabu lilianzia Marekani kwa profesa anaitwa Neil Gershenfeld wa MIT, alianza na darasa la kufundisha wanafunzi kutengeneza karibu kitu chochote, leo ziko dunia nzima. Enda na kipande cha kazi yako mkononi, si na CV. Alafu jifunze Inkscape kuchora mistari, baadaye Blender kwa zile nakshi za kina, zote ni za bure, unahitaji tu komputa ya kawaida na kijana wa nyumbani akuonyeshe.

Juu wewe uko na kile hao wa mashine wanakosa. Zile CNC nyingi ziko mjini zinaona mbao kutoka juu peke yake, haziwezi kuingia chini ya jani kulichimbua liinuke, patasi yako inaingia. Na wewe unajua mbao inaelekea wapi, ukiona nyuzi zimegeuka unageuza mkono, mashine inapita tu inararua.

Lakini pesa yako mimi sioni kwa mlango, naona kwa gipsamu. Wale vijana wa silingi wako kila estate kutoka Ruaka hadi Syokimau na wote wanamwaga konisi (yale mapambo ya pale ukuta unakutana na silingi) zile zile kutoka kwa kalibu, yaani moldi, zile zile za dukani. Chonga kipande kimoja cha konisi, sentimita sitini hivi, kwa saiprasi laini, nakshi yako mwenyewe, hakikisha mwanzo na mwisho zinaungana vizuri. Kipige sila, ile ya kuziba mbao, mara mbili tatu kiwe laini, kizungushie kiboksi, mwaga silikoni ya kalibu, acha igande. Umepata kalibu inayoweza kumwaga gipsamu sebule baada ya sebule. Hapo mkono umechonga mara moja na nyumba nzima imepata nakshi. Ukitaka kubadilisha saizi, ama upande wa kushoto uwe kioo cha ule wa kulia, hapo ndio unaskani kile kipande, ata picha nyingi za simu kutoka kila upande zinatosha kutengeneza faili, na mashine inakukatia kalibu mpya. Mashine itengeneze kalibu, mkono utengeneze nakshi. Hio ndio hesabu yangu na sijaona sababu ya kuibadilisha.

Na usifikirie plasta ni kushuka cheo. Nyumba za zamani za Lamu, zile za karne ya 18, chumba cha ndani kina ukuta mzima wa vidaka vya chokaa iliyochongwa, safu juu ya safu, vyombo vya Kichina vikapangwa humo. Nakshi ya ukutani ilikuwa huku pwani kabla Nairobi haijakuwa ata kituo cha reli.

Kama bado unataka mashine, nunueni kama kikundi. Wachongaji wa Akamba kule Mombasa walifanya ushirika wao 1963 na bado upo. Na hapo kwa kumalizwa, mjomba wako atakuambia uchongaji wenyewe wa Wamunyu ulikuja na Mutisya Munge baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, alijifunza kwa wachongaji wa huko Tanganyika. Leo mtu akiusikia anafikiri ulikuwa Ukambani tangu Adamu. Wewe ukiingiza kalibu leo, wajukuu watasema ni mila.

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu. Nasoma safu yenu na nasikitika. Nakshi ni jasho na subira ya mtu. Komputa ikichonga, hiyo ni feki, mnawafundisha vijana uvivu. – Mwalimu, Buruburu

JIBU: Shikamoo mwalimu. Nusu nakubali, nusu nitabisha kwa heshima.

Kurudia nakshi kwa kalibu si jambo la komputa. London kulikuwa na mama mmoja, Eleanor Coade, kuanzia 1769 alikuwa anaendesha kiwanda cha mawe ya kutengenezwa: udongo maalum unashindiliwa kwa kalibu, unachomwa kwa tanuri, inatoka nyuso, maua, vichwa vya simba, vingi tu vinavyofanana. Kiwanda hicho, baada ya yeye kufa, kilitoa simba mkubwa mwaka 1837 ambaye hadi leo amesimama karibu na daraja la Westminster akinyeshewa, na uso wake bado uko wazi. Hakuna anayemwita feki. Kwa sababu gani? Kwa sababu ule wa kwanza, ule wa kutoa kalibu, ulifinyangwa na msanii aliyejua simba.

Ama chukua Barcelona, lile kanisa la Sagrada Família. Walianza 1882, Gaudí akafariki 1926, na 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza watu wakavunja modeli zake za plasta. Waliobaki waliokota vipande. Miaka mingi baadaye wasanifu wakaingiza vile vipande kwa komputa kutafuta jiometri aliyokuwa anatumia, na mawe mengine yanakatwa kwa mashine kufuata hiyo jiometri. Bila hizo komputa sijui wangemaliza karne gani.

Pale nakubaliana na wewe mwalimu ni kwamba kuna uvivu mwingi na unaitwa teknolojia. Kule Kilifi kuna nyumba za Mvule Gardens ambazo kuta zake zimechapishwa na printa kubwa ya zege, mradi wa nyumba 52, ni hatua kubwa kwa Kenya na sibezi. Lakini ukiangalia ukuta unaona tu tabaka juu ya tabaka. Uswisi, kijiji kinaitwa Mulegns, mwaka 2025 wamefungua mnara mweupe wa karibu mita 30 uliochapishwa kwa zege, Tor Alva, na nguzo zake zimejaa nakshi kutoka chini hadi juu, zimetoka kwa mdomo wa mashine. Ule mdomo haujali kama unapita njia iliyonyooka ama iliyopinda, njia inarefuka kidogo tu. Kwa hivyo mtu akikuambia printa haiwezi nakshi, huyo hajamtafuta wa kuchora. Pwani nzima imejaa watu wa kuchora! Wangeita ata mmoja.

SWALI: Niaje. Niko kampasi Juja, nataka kutengeneza bloki za kupitisha hewa za desaini yangu niuze. Naweza kuprinti moldi ya plastiki nimwage simiti? Nilijaribu bloki ikakwama ndani nikaivunja na moldi pia. – Mjuaji Kiasi

JIBU: Poa kijana. Ilikwama juu kuta za kalibu yako zimenyooka wima. Kila ukuta uelemee nje kidogo, digrii mbili ama tatu, ndio bloki iteleze ikitoka. Pia zile mistari za printa ni vijino vinavyoshika simiti, jaza na bodifila, piga msasa, piga rangi, alafu mafuta kila ukimwaga.

Lakini kwa biashara usimwage ndani ya printi. Plastiki ya PLA, ile printa nyingi zinatumia, inaanza kulegea karibu nyuzi 60, ukiiacha kwa jua ndani ya gari inapinda. Printi bloki moja yenyewe, ing'arishe hadi uipende, hio sasa ndio mama. Juu yake tengeneza kalibu ya faibaglasi ama silikoni, ama mpelekee fundi wa chuma Kariobangi aifuate kwa bati nzito. Ukivunja kalibu unarudi kwa mama unatengeneza nyingine.

Mchanganyiko, usiweke kokoto kubwa. Jiwe lisizidi moja ya tano ya sehemu nyembamba zaidi ya bloki, kwa hivyo ubavu wa milimita 20 unataka jiwe la milimita 4, huo ni mchanga mkali tu. Simiti moja mchanga tatu, maji kidogo, gongagonga kalibu mapovu yatoke. Funika na magunia ya maji siku saba, hapa ndipo vijana wote mnaharakisha, bloki inakauka haraka inapata nyufa alafu mnalaumu simiti.

Na desaini yako isiwe nzuri ikiwa moja. Panga nne kwa komputa zigusane uone ile picha inatokea katikati, mteja ananunua ukuta, hanunui bloki. Kitu cha mwisho, usiuze za sebule Nairobi. Hapa tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, Julai mtu atalala na blanketi tatu akikutukana. Ngazi, baraza, dobi, uzio, hapo sawa.

SWALI: Kaka, tumenunua nyumba ya zamani Ngara, sakafu ina vigae vya simiti vyenye maua, rangi nyekundu, nyeusi na krimu. Kama kumi na tano hivi vimevunjika. Kontrakta anasema ng'oa zote uweke tailisi. Kuna njia? – Mpangaji Aliyekuwa

JIBU: Hongera kwa nyumba. Mwambie kontrakta asiguse.

Hivyo vigae havikuchomwa kwa tanuri, ni simiti ya rangi iliyokandamizwa, rangi iko ndani milimita kadhaa, ndio maana watu wanakanyaga miaka na maua bado yako. Siri iko kwa kigawanyio, ile fremu ya vibati vyembamba iliyopindwa kwa umbo la maua. Unaiweka ndani ya kalibu, unamwaga kila rangi kwa chumba chake, nyepesi kama uji, alafu unaiinua taratibu wima bila kutingisha na rangi zinakaa ubavu kwa ubavu bila kuchanganyika sana. Juu yake unanyunyiza mchanganyiko mkavu wa simiti na mchanga, unakandamiza kwa presi, unageuza, unaweka kwa maji.

Zamani hicho kigawanyio kilikuwa kazi ya mtu wa shaba na kilikuwa ghali, na maua yakipitwa na fasheni fremu inatupwa, ndio maana huwezi kupata vigae kama vyako dukani. Hapa sasa printa ya 3D inafanya kazi ya maana. Piga picha kigae kizima kutoka juu kabisa na rula kando, fuatilia mistari, printi kigawanyio chenye kuta za milimita moja na nusu. Kikivunjika unaprinti kingine jioni hiyo hiyo.

Presi, tafuta ile ya gereji ya kutoa beringi. Ya tani 20 kwa kigae cha sentimita 20 kwa 20 inakupa kilo 50 kwa kila sentimita mraba. Kwa kumi na tano za kuziba mapengo jaribu, kwa hoteli hapana. Rangi iwe oksidi ya chuma, nyekundu, nyeusi, njano, hizo hazifi kwa simiti wala jua, isizidi asilimia 10 ya uzito wa simiti, na krimu ianze na simiti nyeupe. Rangi zako mpya zitakuwa kali kuliko za zamani, usishtuke. Hamisha vigae vizima vya zamani kutoka chini ya kabati uvilete katikati ya chumba, vile vipya vikae chini ya kabati.

SWALI: Geti yangu ya CNC ina mwaka mmoja na imeanza kutoa kutu kwa zile maua. Fundi anasema ni mvua. – Kitengela

JIBU: Mvua inanyeshea mageti yote. Pale mashine imekata bati, ule ukingo ni chuma kibichi, na rangi ikipigwa kwa spreyi kutoka mbele haifiki ndani ya ukingo. Mbaya zaidi kama bati la maua limebandikwa juu ya bati lingine, maji yanaingia katikati na hayatoki. Toa lile la maua, kwaruza kutu na brashi ya waya, piga prima ya oksidi nyekundu kwa brashi ndani ya kila tundu, si spreyi, alafu rangi mbili, na ukirudisha weka washa (vile vipete bapa vya kuwekwa kwa bolti) katikati ya mabati ili pabaki nafasi ya hewa na maji yashuke. Wakati liko chini, kama zile maua ni zile za michikichi ambazo jirani yako pia anazo na jirani yake pia, bati jipya halina bei sana, mtafute Fundi wa Patasi hapo juu akuchoree kitu.